Mengineyo

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Umo kwenye faili, kurasa sita, una muhuri.
Haya ni yale ambayo muhtasari hauna pa kuyaweka.

Raskazone, ukumbi wa juu. Feni mbili, moja imegoma.
Idara kumi na moja, mifumo kumi na minne;
hesabu hiyo niliirudia mara tatu, nikidhani nimekosea.
Fedha wana wao, unafunguka kwenye kompyuta moja tu,
ya Mzee Singano, naye akienda likizo Lushoto
ada zote zinapanda mlima pamoja naye.
Maktaba wana wa bure, ulioletwa na kijana wa kujitolea
aliyekwisha kurudi kwao.
Uhandisi walijiundia wenyewe, wanaupenda kama mtoto wa pekee,
na kama mtoto wa pekee, hausikii la mtu.
Hosteli wana kaunta buku.
Bi Mwanahamisi Kaniki aliliweka mezani,
jalada limeshonwa kwa uzi wa mkonge,
akasema, "Hili halijawahi kuzima."

Tukacheka. Ndipo Mhina wa Takwimu akasimama
na mwanafunzi mmoja. Hakumleta; alileta jina.
Udahili anaitwa Mwanamkuu Shekalaghe.
Fedha, kwa kuwa kisanduku ni kifupi, Mwanamkuu Sheka.
Maktaba ni M. M. Shekalage, na anadaiwa kitabu cha udongo.
"Wasichana watatu," akasema, "na mlango wa mtihani mmoja.
Aliyelipa ada ni wa pili.
Aliyefika mlangoni ni wa kwanza."
Akakaa.
Feni nzima ikaendelea kuzunguka.

Wauzaji walikuwa wamekuja wiki iliyotangulia,
watatu, na projekta, na maji yao ya chupa.
Niliwauliza swali moja:
mkataba ukiisha, tunatokaje na kumbukumbu zetu?
Wa kwanza akatabasamu.
Wa pili akasema ni swali zuri.
Wa tatu akatazama saa; basi la Dar lilikuwa la saa nane.
Waja leo, waondoka leo.
Hilo sikuliandika.

Mwalimu Kibwana Mntangi, wa Kiswahili, alitoa hoja kwa ubeti,
kama anavyotoa hoja zake zote, hata ile ya chai:

*Chungu kimoja tupike, kila mtu na sahani,*
*Jiko moja tulishike, moshi usijae ndani,*
*Bali ufunguo wake, usivuke Chumbageni,*
*Mpishi akiondoka, tutapakua na nani?*

Mkuu wa Fedha akauliza kama hilo ni pendekezo ama shairi.
"Ni pendekezo," akajibiwa, "limevaa vizuri."

Wanane wakasema ndiyo, wawili hapana.
Mmoja hakupiga kura, alikuwa nje
anahangaika na nywila ya mfumo wake.
Tukachagua ule usiopendeza sana,
ambao msimbo wake uko wazi, tunaweza kuusoma,
na seva yake italala hapahapa, chumba cha nyuma ya maktaba,
tukishahamisha maboksi ya karatasi.
Niliomba sharti moja tu: kisanduku cha jina kisiwe kifupi.
Shekalaghe aingie mzima, na *ghe* yake.

Bi Mwanahamisi akauliza, "Na haya ya kwangu atayahamisha nani?"
Kila mtu akawa na karatasi ya kupanga.

Basi jioni hizi huwa niko hosteli.
Yeye anasoma, mimi nachapa.
Jina, namba, chumba, tarehe, jina, namba.
Halafu anasita, kidole juu ya mstari.
"Huyu ana pumu, asipandishwe ghorofani."
"Huyu baba yake amefariki Machi, usimdai kwa ukali."
Natazama skrini. Hakuna kisanduku cha hayo.
Nampigia Mhina, saa tatu usiku, yuko mezani anakula.
"Ongeza kimoja."
"Kiitwe nini?"
Namgeukia Bi Mwanahamisi. Anafungua ukurasa mwingine,
analowesha kidole kwa ulimi.
"Kiite Mengineyo," anasema,
"na kiwe kirefu."